Siku ya Kwanza Shuleni: Kipande cha Njia Kilichobaki ni Chetu

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wazazi na walezi wa kata, kuelekea kufunguliwa kwa shule mwezi Januari)

  

Nimeombwa nizungumze jambo moja tu: namna ya kumpeleka mtoto mdogo shuleni siku yake ya kwanza, awe anaanza elimu ya awali au darasa la kwanza. Huenda mtu akasema hilo ni jambo dogo, na kwamba kila mzazi anajua kumwogesha mtoto na kumshika mkono. Hata hivyo, walimu wetu wanatueleza kwamba mtoto anayeanza vibaya hupata taabu ya kuendelea, na kwamba kuanza vibaya huko mara nyingi hakutokani na umaskini. Hutokana na mambo ambayo mzazi angeweza kuyapanga mapema bila kutoa fedha.

Ndugu wananchi, tuanze kwa kukumbushana tulikotoka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka enzi ambazo umri wa kuanza shule ulipimwa kwa mkono. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ukifika, ameingia, usipofika, amerudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Wengi walikosa shule kwa sababu ya mkono mfupi, na wengine kwa sababu darasa lilikuwa mbali au ada haikupatikana. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililohimiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe. Miaka ya themanini ada ikarudi, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Kuanzia mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukafungua tena milango, na Januari 2016 Serikali ikaanza kutekeleza elimu bila ada. Siku hizi Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Palipokuwa na umbali mrefu, madarasa ya shule shikizi yamejengwa ili watoto wadogo wasitembee mwendo wa kuchosha.

Kwa hiyo njia imefupishwa sana. Kipande kilichobaki ni kile cha kutoka mlangoni pa nyumba yako hadi mlangoni pa darasa. Hicho Serikali haiwezi kukitembea kwa niaba yako. Ndicho ninachotaka tukizungumze leo.

Kwanza, afike siku ya kwanza, si wiki ya nne.

Kila Januari walimu wetu huona jambo lilelile. Siku ya kufungua, nusu ya majina yaliyo kwenye rejesta hayaitikiwi. Watoto huja mmojammoja: huyu wiki ya pili, yule mwisho wa mwezi, mwingine Februari baada ya palizi. Mzazi akiulizwa, jibu ni moja: "Nilikuwa nasubiri nipate sare."

Tuelewane vizuri hapa. Sare ni wajibu wa mzazi. Waraka wa elimu bila ada haukuuondoa wajibu huo, wala ule wa madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto. Lakini kukosa sare si sababu ya kumfungia mtoto nyumbani, na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumrudisha mtoto kwa sababu hiyo au kwa sababu ya mchango ambao mzazi hajautoa. Kama fundi hajamaliza kushona, mvalishe mtoto nguo safi aliyo nayo. Kama viatu havijapatikana, yeboyebo zitamfikisha. Mweleze mwalimu lini sare itakuwa tayari, kisha utimize ahadi yako.

Kwa nini nasisitiza siku ya kwanza? Kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zinazobeba msingi. Katika darasa la awali, mwalimu anawazoesha watoto kukaa pamoja, kuitikia majina yao, kushika penseli, kupanga foleni, kunawa mikono na kujua choo kilipo. Katika darasa la kwanza anaanza na irabu, a, e, i, o, u, kisha anaingia kwenye silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, hujengwa tofali juu ya tofali. Mtoto anayeingia wiki ya nne anawakuta wenzake kwenye silabi, naye hajaitambua a. Darasa ni kubwa, na mwalimu ni mmoja. Atamsaidia kadiri awezavyo, lakini hawezi kulirudisha darasa zima nyuma kwa ajili ya mtoto mmoja.

Huyo mtoto hukaa nyuma akiwatazama wenzake wakiimba silabi asizozijua. Haelewi kwamba amechelewa. Anachokielewa ni kwamba wenzake wanaweza na yeye hawezi. Mwaka unaofuata anakuwa mtoro, na akifika darasa la tatu bila kujua kusoma, ng'ombe wanamwita na anawaitikia. Tunapohesabu walioacha shule, mara nyingi tunauangalia mwaka ambao waliacha. Tungeangalia pia mwezi ambao walianza.

Pili, maandalizi yaanze kabla ya siku yenyewe.

Kama hujamwandikisha mtoto, fanya hivyo wiki hii. Kwa utaratibu wa sasa, mtoto wa miaka 5 huandikishwa awali, na wa miaka 6 huingia darasa la kwanza. Nenda na cheti cha kuzaliwa kama unacho. Kama huna, nenda hivyohivyo na kadi ya kliniki, uzungumze na mwalimu mkuu, kisha ufuatilie cheti. Cheti hutolewa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na Mtendaji wa Kata atakuelekeza pa kuanzia. Kisichofaa ni mtoto kukosa mwaka mzima kwa sababu ya karatasi ambayo mzazi hakuiulizia.

Ukishamwandikisha, mpeleke akaione shule kabla haijafunguliwa. Ni matembezi ya jioni moja tu. Mwonyeshe darasa atakalokaa, bomba la maji, mti ambao watoto hucheza chini yake na, zaidi ya yote, choo. Nasema choo kwa makusudi. Watoto wengi wadogo hujikojolea siku ya kwanza kwa sababu hawajui choo kilipo au wanaogopa kuomba ruhusa. Wenzao wakiwacheka, kesho yake wanakataa kabisa kwenda. Mfundishe mtoto kusema kwa Kiswahili, bila woga: "Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Jambo hilo lina uzito zaidi katika nyumba ambazo lugha ya kila siku ni lugha ya kabila. Si vibaya hata kidogo mtoto kukua na lugha ya bibi na babu yake, ni utajiri. Ila katika wiki hizi zilizobaki, mzoeshe pia maneno machache ya Kiswahili atakayoyahitaji: jina lake lote, jina la mzazi, jina la kitongoji chake, "naumwa", "nina kiu", "nimepotelewa na kitu changu". Mtoto mwenye maneno hayo anaweza kusaidiwa na mtu yeyote.

Mfundishe pia kufunga na kufungua vifungo vyake, kuvaa viatu, na kunawa mikono kwa sabuni. Na msogeze saa ya kulala. Mtoto aliyezoea kulala usiku wa manane kwa sababu ya televisheni ya jirani hawezi kuamka alfajiri kwa siku moja akawa na furaha. Anza wiki moja kabla, uwe unamlaza na kumwamsha mapema kidogo kila siku.

Tatu, tuchunge ndimi zetu.

Ndugu zangu, kuna maneno tunayoyasema bila kuyafikiri. Mtoto akimwaga maziwa, tunamwambia: "Ngoja uanze shule, mwalimu atakukomesha." Akigoma kula: "Huko shuleni utachapwa mpaka ushike adabu." Tunayasema kwa mwaka mzima, kisha Januari tunashangaa kwa nini mtoto analia getini na kung'ang'ania kanga ya mama yake. Tumemwambia sisi wenyewe kwamba shule ni mahali pa kukomeshwa. Mtoto ametuamini.

Kuanzia leo tumtaje mwalimu kwa wema mbele ya watoto. Tumwambie mtoto kwamba shuleni kuna rafiki, kuna nyimbo, kuna mwalimu atakayemfundisha kuandika jina lake. Na tusimdanganye. Usimwambie utakaa naye darasani kutwa nzima, kisha akageuka na kukuta umeondoka. Mwambie ukweli kwa maneno anayoyaelewa: "Nitakuacha na mwalimu. Mtacheza, mtaimba, mtakunywa uji. Mkimaliza, mama atakuja kukuchukua." Ukishasema hivyo, uje kweli, na uje mapema. Mtoto anayebaki peke yake kiwanjani siku ya kwanza, wenzake wote wamechukuliwa, haamini ahadi ya pili.

Nne, asubuhi yenyewe.

Andaa kila kitu usiku: nguo, begi, daftari, penseli na chupa ya maji. Begi lisiwe zito, kwa kuwa mtoto wa awali hahitaji mzigo. Andika jina lake kwenye begi na sweta, maana wiki ya kwanza vitu hupotea sana. Asubuhi ale kabla ya kutoka. Si lazima chai na mkate. Uji, kiazi kitamu au kipande cha muhogo kinatosha. Mtoto mwenye njaa husinzia saa nne asubuhi, na mwalimu atadhani hana akili. Shule zetu zinazotoa uji zinautoa kwa nguvu ya wazazi waliokubaliana kuchangia mahindi na kuni. Ukiitwa kwenye kikao cha kupanga chakula, usiache kwenda.

Mkifika shuleni, mkabidhi mtoto kwa mwalimu ana kwa ana. Mwambie mwalimu yale anayopaswa kuyajua: kama mtoto ana pumu, kifafa au selimundu, kama hasikii vizuri upande mmoja, kama haoni mbali, na ni nani atakayemchukua. Kisha umuage kwa upole, kwa ufupi, uondoke. Akilia, usirudi dirishani mara tatu. Watoto wengi hunyamaza mzazi akishatoweka machoni, na mwalimu wa awali anajua namna ya kuwatuliza.

Ninataka niseme neno kwa wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Mtoto huyo naye ana siku yake ya kwanza. Msimfiche ndani kwa aibu wala kwa huruma. Mleteni kwa Afisa Elimu Kata, ili apimwe na ushauri utolewe kama ataweza kusoma katika shule ya jirani au katika shule yenye kitengo maalumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na hata nafasi ya kucheza. Sheria hiyo haikubagua mtoto yeyote.

Tano, njia ya kwenda na kurudi.

Hili ndilo linalotunyima usingizi sisi tulio katika huduma za Halmashauri. Januari ni mwezi wa mvua katika maeneo yetu. Korongo ambalo asubuhi ni kavu, mchana linaweza kujaa maji yanayomzidi nguvu hata mtu mzima, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani ilhali hapa jua linawaka. Mtoto wa miaka 5 hawezi kupima hatari hiyo. Kwa hiyo asivuke korongo peke yake, na maji yakiwa yanapita, asivuke kabisa. Wazazi wa upande mmoja wa korongo kubalianeni nyumba moja iliyo karibu na shule ambapo watoto watangoja hadi maji yapungue. Mpeni mwalimu mkuu jina la mwenye nyumba hiyo na namba yake ya simu. Hilo halihitaji bajeti ya Halmashauri.

Kwa wanaokaa kando ya barabara kuu, mfundishe mtoto kutembea upande wa kulia, ili magari ya upande wake ayaone yakija mbele yake. Kabla ya kuvuka asimame, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, avuke kwa kutembea bila kukimbia. Hata akiyajua hayo yote, bado ni mdogo. Mkono wake uwe ndani ya mkono wa mtu mkubwa. Watoto wa darasa la sita na la saba wanaweza kuwasindikiza wadogo kwa makundi, ila mzazi ahakikishe kundi lina mkubwa anayetambulika, na si wadogo watupu.

Bodaboda nayo tuizungumze. Kumpakia mtoto mdogo pamoja na wenzake watatu, ule mtindo tunaouita mishikaki, ni hatari ya wazi. Shilingi chache unazookoa haziwezi kununua mguu uliovunjika. Na umjue dereva unayemkabidhi mtoto: jina lake, kijiwe chake, viongozi wa kijiwe chake. Mfundishe mtoto asikubali lifti, pipi wala chipsi kutoka kwa mtu ambaye hukumtaja, na akifanyiwa jambo la kumtisha au la kumwaibisha akwambie siku hiyohiyo bila kuogopa kupigwa. Ukisikia habari ya aina hiyo, usiimalize kifamilia. Nenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Unaweza pia kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

Mwisho, jioni ya siku ya kwanza.

Mtoto akirudi, usianze na "Umefundishwa nini?" Huenda hajui ajibu nini. Muulize alikaa na nani, waliimba wimbo gani, mwalimu anaitwaje, nini kilimchekesha na nini kilimwogopesha. Msikilize mpaka mwisho. Tazama daftari lake hata kama lina michoro tu. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kulishika daftari, akaliangalia na kusema, "Umefanya vizuri, kesho tena." Hapa nawaomba akina baba kwa namna ya pekee. Tumezoea kumwachia mama kliniki, sare, mkutano wa wazazi na daftari. Mkono mmoja haulei mwana. Baba akimpeleka mtoto shuleni asubuhi moja tu katika wiki ile ya kwanza, mtoto atajua kwamba jambo hili ni la nyumba nzima.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wananchi, sina ombi la fedha leo. Nina ombi moja. Tutakapotoka hapa, kila mmoja wetu atazame nyumba ya jirani. Kama kuna mtoto wa umri wa kuanza shule ambaye hajaandikishwa, kwa sababu anaishi na bibi mzee, au mama yake amehamia juzi hajui pa kuanzia, au anatakiwa kubaki kulea mdogo wake wakati wa kilimo, mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Nao wenyeviti wayafikishe majina hayo kwa Mtendaji wa Kata kabla shule hazijafunguliwa, ili nyumba hizo zitembelewe kwa mazungumzo kwanza. Si nia yetu kuanza na faini na migambo. Tunataka siku ya kufungua shule, mwalimu aite majina yote yaliyo kwenye rejesta, na kila jina liitikiwe.

Nawatakia maandalizi mema.